Minda, Mara ya Pili

Alhamisi, 29 Agosti 2024

Ukurasa huu wa kwanza niliuacha wazi mwezi wa sita kwa sababu sikujua shajara huanzaje. Sasa najua. Huanza na hasara.

Nimempoteza Minda mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Agosti 1999, hospitalini kule mkoani Antique, Ufilipino, akiwa na miaka minne. Mara ya pili ilikuwa Jumamosi tarehe 10 mwezi huu, hapa mjini Iloilo, ghorofani juu ya duka langu la kuku, watu wakinywa kahawa yangu. Mara ya kwanza aliuawa na homa ya dengi, ile ya mbu. Mara ya pili aliuawa na zoezi la uandishi.

Yanayofuata niliyaandika siku zilezile. Sikurekebisha kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua ya kwanza ya maana. Darasa limeanza.

Mwalimu Encarnita Palmares alifundisha chuo kikuu mpaka akastaafu, na kila Jumapili hununua kuku kwangu. Mwezi uliopita alitazama dari akauliza, "Juu kuna nini?" Nikamwambia magunia ya mkaa. Akasema, "Mkaa hauhitaji dirisha, Sulin." Tukapatana: chumba, umeme na kahawa vyangu, na yeye anifundishe bila ada. Nilipiga hesabu nikaona nimepata. Mimi niliishia darasa la sita. Nilianza na pipa moja lililopasuliwa katikati na kuku kumi, na leo nina vibanda vitano. Katika muda wote huo watu wameniuliza bei. Hakuna aliyeniuliza nawaza nini.

Tuko wanane. Wa kuwakumbuka ni wawili. Mmoja ni Daktari Norat, wa meno, anayekaa akiwa amenyoosha mgongo kana kwamba kiti ni chake na sisi ndio wagonjwa. Mwingine ni Nong Beloy, yaani Kaka Beloy, mpishi mstaafu wa meli, anayecheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe.

Mwalimu alisema mhusika hatungwi, hufukuliwa. Zoezi la wiki: mfikirie mtu mmoja, usimwandike yeye, uandike mkoba wake.

Jumamosi, 15 Juni

Nimesoma mkoba wangu mbele za watu. Funguo za duka. Dawa ya kikohozi iliyobaki nusu. Chumvi iliyofungwa kwenye karatasi, kwa ajili ya embe mbichi. Risiti yenye sura ya mteja msumbufu iliyochorwa nyuma, kwa mkono wa kushoto.

"Ni nani huyu?" Mwalimu akauliza.

"Minda. Ana miaka ishirini na tisa. Anasimamia duka."

Jina lilitoka lenyewe. Mkono wa kushoto nao sikuubuni. Minda wangu alishika kijiko kwa kushoto, na bibi yake akimpiga vidole. Hapa Iloilo hakuna anayejua kwamba niliwahi kuwa na mtoto. Baba yake yuko Cebu na familia nyingine, na mimi nilihama Antique nikiwa na begi moja.

Jumapili, 16 Juni

Kuku waliisha saa nane. Nimegundua Minda hapendi tui. Sijui nimejuaje.

Jumamosi, 22 Juni

Mvua iliwazuia wengine juu. Mimi na Mwalimu tulikuwa chini ya ngazi tukingoja ipungue. Akasema, "Huyo Minda wako anapumua, Sulin. Unamtoa wapi?"

Sijui kilichonipata. Labda ni vile alivyouliza, bila haraka. Nilimwambia: huyu ninayemwandika nilimzaa. Nikamweleza wodi, dengi, damu ya pua. Minda aliniomba barafu ya embe, ile ya kwenye mfuko. Kabla sijatoka kuitafuta akasema nimwekee ndala zake chini ya kitanda zielekee mlangoni, asije akapata shida ya kuzigeuza. Niliporudi, barafu mkononi ilikuwa bado ngumu.

Mwalimu alinishika mkono. Hakulia, na hilo nililipenda. Akasema, "Ahsante kwa kunipa."

Nilipanda kitandani nikiwa mwepesi.

Jumamosi, 29 Juni

Zoezi: mhusika wako anagombana na mtu kuhusu jambo dogo. Minda wangu aligombana na mimi. Anataka tuache kumjaza kuku mchaichai mzima, tuukate, eti harufu inatoka vizuri zaidi. Niliandika kurasa nne na mwisho akashinda yeye.

Jumatatu, 1 Julai

Nimeukata mchaichai. Alisema kweli.

Jumatano, 3 Julai

Mvua. Mkaa umelowa. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 6 Julai

Leo nimesemwa. Mwalimu alishika kurasa zangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kitu njiani, akaniita Manang, yaani dada mkubwa, kama wengine.

"Manang Sulin, nimesoma mwezi mzima. Mhusika wako anauza kuku, anakula embe, anamshinda mama yake kila siku. Jeraha lake liko wapi?"

"Hana."

"Basi si mtu. Ni mwanasesere. Unambadilisha nguo."

Daktari Norat akaongeza, "Hata chunusi hana, Manang? Nipe nimng'oe jino moja tu, tuone kama analia."

Wakacheka wote. Mwalimu naye alicheka, na macho yake yalikuwa kwangu. Nilijiambia hawezi kunieleza mbele yao kwa nini ni lazima aniseme, kwa hiyo ananifichia siri yangu kwa kunichapa kama wengine. Nilimshukuru moyoni. Naliandika hili ili lijulikane kwamba nilimshukuru.

Jumamosi, 13 Julai

Kiti cha mahojiano. Unakaa katikati ukiwa mhusika wako, wengine wanakuuliza, na unajibu kwa sauti yake. Ukijisahau ukajibu kwa sauti yako, umeshindwa.

Nilikaa. Nong Beloy akaanza. "Minda, mama yako unamwonaje?"

"Anahesabu sana," nikajibu. "Akinibusu anahesabu."

Walicheka mpaka viti vikalia.

"Unampenda?"

"Nampenda. Lakini akiniuliza nimekula nini, naongeza chumvi kidogo kwenye maelezo. Nikisema nimekula wali na samaki, ananipa nyama."

"Unaogopa nini?" Daktari Norat akauliza.

"Vyura."

Haya yote sikuyaandaa. Yalikuja yenyewe, kwa sauti nyembamba kidogo kuliko yangu. Niliposimama nilikuwa na furaha. Niliwasindikiza wote hadi mlango wa barabarani, kama kawaida yangu, nikamfungia Nong Beloy kuku mmoja bure.

Jumamosi, 20 Julai

Barabara imejaa maji. Hakuna darasa. Nilimwandika peke yangu. Ana mchumba, fundi wa friji. Simpendi huyo fundi.

Jumamosi, 27 Julai

Mwalimu ametangaza zoezi kubwa la msimu. Anasema sote tunawalinda watu wetu kama mayai, kwa hiyo tutaazimana. Kila mtu atampokea mhusika wa mwenzake na kumfanyia baya kuliko yote, na baya hilo litachotwa kwenye kopo la maziwa alilokuja nalo, lenye vikaratasi alivyoviandika mwenyewe. Wiki ijayo tunachota, wiki inayofuata tunasoma.

"Halafu tunarudishiwa?" nikauliza.

"Atakavyorudi," akasema.

Jumamosi, 3 Agosti

Mimi nimepata mhusika wa mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu; mhusika huyo ni kasisi, na karatasi yangu imeandikwa "anashikwa akiiba". Rahisi. Minda kapewa Daktari Norat, ambaye alikuwa wa mwisho kuchota. Alisoma karatasi yake, akaikunja, akaniangalia.

"Usiogope, Manang. Nina ganzi."

Jumamosi, 10 Agosti

Amesoma.

Anasoma vizuri, hilo siwezi kumnyima. Minda yuko wodini, mvua inapiga bati. Ni dengi. Pua inatoka damu, naye anaona aibu kuwachafulia shuka. Anaomba barafu ya embe. Anamwambia mama yake amwekee ndala chini ya kitanda, zielekee mlangoni.

Hapo sikusikia tena sentensi nzima nzima, nilisikia maneno tu. Barafu. Mlangoni. Mama anarudi.

Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Mwalimu alikuwa na machozi. Sikuwahi kumwona na machozi, hata chini ya ngazi. "Sasa," akasema, "sasa Minda ni mtu."

Mtu akaniomba sukari. Nikampa sukari.

Mwalimu akasema ukurasa huo ndio utakaofungua kijitabu cha darasa, kinachokwenda kiwandani kuchapwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Jina la Norat juu, jina la Minda ndani.

Mtu mmoja tu katika mji huu ndiye niliyemsimulia zile ndala. Nilipokuwa naosha vikombe nikaona jambo lenyewe ni wazi: Mwalimu kamwambia Norat, wakakaa mahali na keki zao wakanipangia haya. Sasa nimejua kwa nini yule mwanamke, Norat, aliniangalia siku ile ya kuchota.

Jumapili, 11 Agosti

Kuku wote wameuzwa.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilijaribu kumwandika akiwa anafungua duka. Hafungui. Kila nikimsimamisha mlangoni, anaumwa.

Jumatano, 14 Agosti

Mvua. Bado hafungui.

Jumamosi, 17 Agosti

Mwalimu ana desturi moja katika madarasa yake yote: mhusika akifa, darasa linakaa matanga. Anasema mtu hujulikana akishatoka chumbani, kwa hiyo kila mmoja lazima aseme jambo moja la kweli kuhusu marehemu ambalo halijaandikwa. Ni zoezi. Nilijua linakuja na sikulikwepa. Chumba ni changu.

Walikuja na biskuti, karanga, mbegu za tikiti na karata. Kuna aliyeweka mshumaa kwenye sahani yangu. Wakacheza karata na kutenga fungu la marehemu katika pesa za mchezo kama inavyofanywa kwenye msiba wa kweli, wakacheka kwamba fungu la marehemu litanunua kuku wa marehemu. Norat alisema Minda alikuwa akiimba vibaya bafuni. Mwingine akasema alimwogopa mama yake kuliko vyura. Nong Beloy alisema tu, "Alikuwa na mkono mzuri wa kuchora."

Ikafika zamu yangu.

"Alinichosha," nikasema. Wakacheka. Wakasema Manang ndiye bora wa leo.

Walipoanza kuondoka nilibaki kwenye kiti. Sikuwaza. Wakateremka ngazi wakipiga kelele, na mimi nimekaa, mikono mapajani. Nong Beloy alirudi kuchukua mwavuli wake, akanikuta hivyo hivyo.

"Manang," akasema, "leo hukutusindikiza."

Kwetu aliyefiwa hasindikizi wageni mlangoni. Yeye alijua, na mimi nikajua kwamba amejua. Aliuzima mshumaa kwa vidole, akateremka polepole kama mtu anayebeba kitu. Mwezi wa sita nilimwandika kuwa mjinga wa kucheka. Nilikosea.

Na tena kwetu mtu hatoki msibani akaenda moja kwa moja nyumbani. Unapitia popote, hata dukani kununua kiberiti, ili marehemu asikufuate. Nilisikia wenzangu wakiulizana chini kama wapitie mkate au uji, kwa utani, lakini walipitia. Hakuna aliyethubutu kutopita.

Mimi nilifunga duka, nikaenda nyumbani moja kwa moja. Njia ya mkato. Mlango niliuacha wazi nyuma yangu kwa muda.

Jumapili, 18 Agosti

Hakuna kitu. Mvua imeingia sebuleni.

Jumamosi, 24 Agosti

Kiti cha mahojiano tena, na leo ni zamu ya Norat. Mhusika wake ni Gerry, kijana aliyeingia seminari Manila na harudi nyumbani. Huu mji ni mdogo. Wanaong'olewa meno kwa Norat ndio wanaokula kuku kwangu, na wanaongea mdomo ukipona. Najua ana mwana. Najua yuko wapi. Najua ni miaka mingapi hajarudi.

Nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Gerry, mama yako akikupigia simu, unafanyaje?"

Norat akatabasamu, akiwa Gerry. "Naiacha iite."

"Kwa nini?"

"Nina sala."

"Asubuhi sala, mchana sala, Krismasi sala. Mungu mwenyewe hajachoka?"

Wakacheka. Norat naye akacheka, kidogo.

"Alipofanyiwa upasuaji ulijua?"

Akaniangalia. Hakuwa Gerry tena. Mwalimu akasema, "Baki ndani, Norat. Jibu ukiwa yeye."

"Nilijua," akasema.

"Ulituma nini?"

"Sikutuma."

"Akifa utakuja kumzika?"

Mvua ilisikika hapo, nzito. "Sijui."

"Nani hajui? Wewe Gerry, au wewe Norat?"

Alivunjika. Alilia kwa mdomo wazi, yule anayetuambia wengine tufungue mdomo. Mtu mmoja akainuka kumshika. Mwalimu alikuwa anapiga makofi. "Hapo! Mmeona? Hapo ndipo mhusika anapozaliwa!"

Nilikunja karatasi zangu, nikateremka kukagua mkaa. Usiku nililala vizuri kuliko siku zote za mwezi huu.

Jumatatu, 26 Agosti

Norat kaja dukani, macho yamevimba, kasimama kwenye foleni kama mteja yeyote.

"Nipe mmoja, Manang."

"Mkubwa au wa kawaida?"

"Wa kawaida." Kisha, kwa sauti ya chini, "Juzi uliniua."

"Na wewe ulimwua wangu."

"Wako ni wa karatasi, Manang! Wangu nilimzaa!"

"Wangu pia."

Alikuwa anatafuta pesa. Mkono ukabaki ndani ya mkoba. Nyuma yake mtu akauliza foleni imekufa au vipi, nikamwambia asubiri au akale samaki.

"Dengi," nikamwambia. "Mwaka tisini na tisa. Na barafu, na zile ndala. Mwalimu alikuuzia kwa bei gani?"

"Mungu wangu." Alishika kaunta. "Manang Sulin, mimi nilichota kopo. Ulikuwepo. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na maneno yale: dengi, barafu ya embe, ndala zinazoelekea mlangoni. Nilifikiri ni mambo ya kutunga. Nikasema moyoni, mwalimu huyu ana akili ya ajabu."

"Karatasi iko wapi?"

"Nilitupa. Nani anatunza karatasi ya kopo?"

Nilimtazama vizuri. Huyu mwanamke hajui kudanganya, uso wake wote ni meno. Hakukuwa na keki, wala mpango. Nilimtesa mtu ambaye hakujua, na nililala vizuri. Sikumwomba radhi. Nilimfungia kuku nikamtoza bei kamili, kwa sababu ningempunguzia angejua namhurumia, na huyo hawezi kustahimili huruma ya muuza kuku.

Akiwa mlangoni akageuka. "Ule ukurasa nilitaka kuuondoa. Nimempigia Mwalimu. Kasema kurasa zikishatoka si zangu, ni za darasa."

Jumatano, 28 Agosti

Nilimwita Mwalimu aje kuangalia dari linalovuja. Dari linavuja kweli. Nikamkalisha pale pale kwenye kiti cha katikati, nikabaki nimesimama.

"Yale maneno matatu kwenye kopo. Uliyaandika wewe?"

"Yote niliyaandika mimi, Sulin. Vikaratasi vinane."

"Ulijua ni yangu?"

Akavuta pumzi ya darasani. "Mwandishi hukusanya. Anasikia sokoni, anasikia kanisani, vinaingia, vinakaa, vinatoka bila majina. Hakuna kisima chenye maji ya mtu mmoja."

"Sikuulizi visima. Nilikusimulia chini ya ngazi hii. Ulipokuwa unaandika ulikumbuka, au ulikuwa umesahau?"

"Wewe ungependa jibu gani?"

"Lililo kweli."

"Kweli ya hadithi na kweli ya..."

"Mwalimu. Hili si hadithi."

Alinitazama kwa upole uleule wa mwezi wa sita, na kwa mara ya kwanza nikauona ulivyotengenezwa. Akachukua mwavuli. "Unajua nini, Inday, binti yangu? Hiyo hasira iandike. Utakuwa ukurasa wako bora. Ninaweza kusogeza wa Norat uwe wa pili."

Aliteremka. Sikumsindikiza.

Nimekaa hapa juu, ndoo inapokea maji ya dari, nafikiria jinsi nilivyomwona. Nilidhani anasikiliza. Nimefanya biashara miaka ishirini na mitano, najua mtu anayeangalia kuku na mtu anayeangalia mizani. Huyu aliangalia mizani tangu siku ya kwanza, na mimi niliyeweka mizani yangu mwenyewe sikuona.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimemtumia ujumbe huu kwenye simu, na nimeunakili hapa neno kwa neno.

"Mwalimu Encarnita. Kijitabu kinakwenda kiwandani kesho alasiri. Sikuombi uondoe ukurasa wowote, wala sikuombi pole. Chumba utaendelea kukitumia au hutakitumia, tutaongea baadaye. Nakuuliza jambo moja. Tarehe 22 Juni nilikusimulia jinsi mwanangu alivyokufa. Kabla ya Agosti uliyaandika yale mambo kwenye karatasi, ukayatia kwenye kopo, na kopo ukamfikishia mwanamke aliyeshika jina la mwanangu mkononi. Yanaweza kuwa mambo mawili tu. Ama ulikumbuka ni yangu, ukaandika hivyo hivyo. Ama katika wiki zile chache ulikuwa umesahau kwamba kuna mtu aliyekuambia, ukadhani umeyatunga mwenyewe. Ukisema ulikumbuka, nitajua nani alimwua Minda safari hii. Ukisema ulisahau, nitajua kwamba siku ile chini ya ngazi nilikuwa nazungumza na mvua. Yote mawili nitayabeba, nimebeba zaidi. Lakini siwezi kubeba mawili kwa pamoja bila kujua ni lipi. Usinijibu kwa kisima. Usinijibu kwa zoezi. Ulikumbuka, au ulisahau? Nataka neno moja, kesho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana."